Tuliachana, Tovuti Ikabaki Moja

Mimi na mume wangu tulipoachana, tuligawana vitu vyote kwa siku moja bila kugombana. Yeye alichukua pikipiki, vitabu vyake na kitanda cha chumba cha wageni. Mimi nilibaki na steshenari yetu ya Kanyenye, hapa Tabora, kabati la vyombo na mashine za fotokopi, moja yao mbovu. Nyumba ya Itetemia ilikuwa ya kupanga, basi tulimrudishia mwenye nyumba funguo zake. Kilichotushinda kugawana kilikuwa tovuti, kwa sababu ndani yake alikuwamo mama yake.

Tovuti hiyo tuliianzisha wenyewe, miaka ya mwanzo ya ndoa yetu. Mume wangu alikuwa akifundisha historia sekondari, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mimi nyumbani. Jumamosi alipanda pikipiki akaifuata njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji. Alikuwa akiuliza vijijini wapagazi walilala wapi, walichota maji kisima kipi, walizikana wapi. Alirudi ana vumbi hadi kwenye kope, na simu yake imejaa picha za mahali ambapo mtu mwingine angeona kichaka tu. Alitaka blogu ya kuandikia hayo. Mimi nilitaka blogu ya vyakula vya kwetu: uyoga wa porini, mboga za kukausha, matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, ya kula na karanga, na namna ya kujua asali iliyochanganywa na sukari.

Nilikuwa na cheti changu cha kompyuta, na ufundi mwingine niliupata kwa kuharibu na kutengeneza. Nikaona hakuna haja ya kuhangaika na tovuti mbili, kila moja na malipo yake na matatizo yake. Nikajenga moja yenye ukurasa wa mbele, na kutoka pale msomaji anachagua blogu anayoitaka. Kila blogu ilikuwa na anwani yake, rangi yake na mwandishi wake, ila anayesimamia anaingia kwa nywila moja na kuziona zote. Ukirekebisha kitu umezirekebishia zote. Ikianguka, zinaanguka zote. Mwalimu alikuwa akiketi upande wa pili wa meza, akisoma anachoandika kwa sauti ili nimwambie sentensi gani ni ndefu mno.

Blogu ya tatu haikupangwa. Mama mkwe wangu alikuja mjini kutoka kijijini Ipole kutibiwa macho, na baada ya matibabu akakaa nasi, maana baba mkwe alikwisha kufariki. Hakupenda kushinda Itetemia peke yake. Asubuhi alifuatana nami hadi dukani, akaketi kwenye kigoda karibu na dirisha, akaongea huku mimi nachapa barua za wateja. Alichanganya Kinyamwezi na Kiswahili, na wala hakuangalia kama unamsikiliza.

Siku moja wateja hawakuja, na badala ya kukaa bure nikaanza kuchapa anayosema. Alikuwa akieleza mwaka alioolewa, alipopewa kazi ya kulinda moto wa bani, yaani kile kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku. Moto ule hautakiwi kupanda wala kushuka. Yeye alikuwa mchanga na mjamzito, akasinzia, na alipoamka bani lote lilikuwa linawaka, tumbaku ya mwaka mzima ndani yake. Alikimbilia kwao akijua amekwisha kuachwa. Mume wake akaja kumfuata, akaketi nje ya nyumba ya wazazi wake hadi jua likazama, na mwishowe akamwambia, "Twende tukajenge lingine."

Niliiweka habari hiyo katika blogu yangu ya vyakula, mahali isipostahili. Watu waliisoma kuliko mapishi yangu yote ya mwaka ule. Walituma maoni kutoka Urambo, Dar es Salaam, hata kutoka nchi za mbali, wengine wakieleza mabani ya kwao yalivyoungua. Mwalimu alimsomea mama yake maoni yale, kisha akanigeukia akasema, "Mfungulie mama ya kwake."

Nikamfungulia. Nilimwuliza anataka rangi gani, akasema ile ya jani la tumbaku kabla halijaiva. Jina la mwandishi alitaka liwe Bibi tu. Tangu siku hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Yeye aliongea, mimi nikachapa, kisha nikamsomea nilichochapa naye akasahihisha. Alikuwa mkali katika kusahihisha. Nikimpamba alisema hapana, sikulia siku hiyo, nililia baadaye. Alieleza watoto aliozika. Alieleza jinsi mume wake, yule aliyemfuata kwa upole, alivyokuja kuwa mtu wa pombe. Nilimwuliza kama ana hakika hayo yawekwe watu wasome. Alijibu kwamba yaliyompata yeye ni yake, na ana ruhusa nayo.

Mimi sikupata mtoto. Tulikwenda hospitali ya Tabora, tukaenda na za mbali, na kila mahali waliona jambo tofauti au hawakuona jambo. Mama mkwe hakuniuliza hata mara moja. Ndugu zake walipokuja kutusalimia Itetemia na mazungumzo yakaanza kupinda kuelekea huko, yeye ndiye aliyeyanyoosha. Nilimpenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Mwalimu alihamishiwa shule moja ya huko Urambo. Mwanzoni alirudi kila mwisho wa wiki, baadaye mwisho wa mwezi. Blogu yake ikawa na makala nyingi za njia ile upande wa magharibi, na mimi nilizisoma kabla ya mtu mwingine yeyote kwa sababu ndimi niliyekuwa nikizirekebishia picha. Nilijua amefika mto gani na amelala kijiji gani, lakini sikujua mengine. Akaja siku ya Jumapili, nimetoka misa ya Kikatoliki, yeye na mama yake wametoka ibada ya Moravian. Alisubiri mama aingie ndani kubadili nguo.

"Kuna mtoto Urambo," alisema.

Nilimwuliza wa nani, ingawa nilikwisha kuelewa.

"Wangu."

Hakusema ananiacha. Mimi ndiye niliyesema, siku kadhaa baadaye, kwamba siwezi kukaa Itetemia nikisubiri mwisho wa mwezi. Alilia. Sitaki msomaji amwone kama mtu mbaya, maana hakuwa. Alitaka mtoto, akampata, na mama wa mtoto alihitaji mume. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na mimi sikuwa na pa kusimama katikati ya sababu hizo zote.

Mama mkwe alirudi Ipole kukaa na binti yake, wifi yangu, ambaye yeye na mumewe wanalima tumbaku na kufuga nyuki. Asubuhi ya kuondoka alifunga vitu vyake kwenye kitenge, akanishika mkono, akaniuliza sasa ataongea na nani. Nilimwambia nitakuja. Alisema watu wengi husema hivyo, kisha akapanda basi.

Miezi michache ikapita ndipo Mwalimu akapiga simu kuhusu tovuti. Alisema kwa ustaarabu kwamba ni vizuri kila mtu awe na chake. Yeye angehamisha blogu yake kwingine, na ya mama angeondoka nayo, kwa kuwa ni mama yake. Nilimjibu kwamba maneno ni ya mama lakini mikono iliyoyaandika ni yangu, na kwamba yeye hajawahi kuketi pale kigodani hata siku moja. Hatimaye tulikubaliana kumwuliza mwenyewe.

Tulikutana Ipole, yeye amekuja kwa pikipiki akitokea Urambo, mimi kwa basi la Mpanda linalopita pale. Mama alikuwa uani akichambua karanga. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za dukani na za ile mashine mbovu. Mwalimu alimweleza jambo lililotuleta. Alieleza kwa mifano mingi kwa sababu mama hakuwahi kuiona tovuti kwa macho yake vizuri. Aliijua kwa kusomewa. Alisikiliza mpaka mwisho, huku mikono ikiendelea na karanga.

"Mimi si mbuzi wa mahari mkanigawane," alisema. "Acheni kama ilivyo. Watu wamezoea kunikuta pale, na nyinyi mko kando yangu. Wakinikuta kwingine watauliza."

Mwalimu alijaribu kusema kwamba watu hawatauliza. Mama akamwambia kwamba basi yeye, mama, atauliza. Hakukuwa na mjadala mwingine. Tulikula ugali na mboga, tukaondoka kila mtu na njia yake, na tovuti ikabaki moja.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyofikiri. Wasomaji hawakujua kwamba tumeachana, na hatukuwa na sababu ya kuwatangazia. Kwenye ukurasa wa mbele tulionekana watatu kama zamani, yeye na njia yake, mimi na vyungu vyangu, mama na rangi yake ya jani bichi. Watu waliandika maoni wakisifu familia yetu. Mmoja aliandika kwamba akiwa na huzuni hufungua tovuti yetu kuona mke, mume na mkwe wanavyokaa pamoja bila maneno. Maoni yote yalipita kwangu kwanza kabla ya kuonekana, na hilo nalo nililikubali lipite. Nilikaa nalo mchana mzima, wateja wakiingia na kutoka, kisha nikabonyeza.

Hatukuzungumza isipokuwa kwa mambo ya tovuti. Mwaka mmoja blogu yake iliingiliwa. Alikuwa ameweka nywila rahisi, jina la shule yake, na watu wa kamari wakaingia kwa mlango huo wakajaza matangazo yao juu ya makala za wapagazi. Kufumba na kufumbua kampuni inayotuhifadhia tovuti ikazizima zote, yake, yangu na ya mama. Nilimpigia nikamwambia abadili nywila na asiandike chochote mpaka nisafishe. Nilisafisha kwa wiki nzima, makala moja baada ya nyingine. Alikuwa akipiga jioni kuuliza nimefika wapi, na nyuma ya sauti yake nilisikia mtoto akiita baba. Nilimweleza nilipofika. Hakuna aliyemtaja mtoto. Kazi ilipokwisha akasema asante, na mimi nikasema hamna neno, na simu zikakatika tena kwa muda mrefu.

Kwa mama nilikwenda. Kila nilipoweza kufunga duka nilipanda basi la Ipole na kompyuta yangu ndogo kwenye mkoba. Wifi alinipokea kama kawaida, ingawa hakujua tena aniite nani, na akaamua kuendelea kuniita wifi. Tulikaa verandani, mama akaongea, mimi nikachapa, harufu ya tumbaku inayokaushwa ikitufikia kutoka nyuma ya nyumba. Nilikuwa na furaha pale. Naisema furaha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, pamoja na yote.

Kisha akaanza kusahau. Kwanza yalikuwa majina, na hilo halikunishtua, maana kila mzee husahau majina. Baadaye akanieleza habari ya bani lililoungua, na safari hii mume wake hakumfuata. Alikaa kwao peke yake, akasema, hakuna aliyekuja. Nilimwuliza taratibu kama hakumbuki alivyoketi nje mpaka jua likazama. Aliniangalia kama mtu anayeonewa. "Nani alikuja?" aliuliza. "Mimi sikumwona mtu."

Niliyachapa nikiwa sijui nitayafanyia nini. Nilipomsomea, hakusahihisha. Hapo ndipo nilipojua kazi yetu imefika mwisho, kwa sababu sikuwahi kuandika kitu chake asichokisahihisha. Sikuyaweka kwenye blogu. Wasomaji waliuliza Bibi yuko wapi, nikajibu kwamba amepumzika.

Niliendelea kwenda, bila kompyuta. Siku nyingine alinidhania mmoja wa mabinti aliowazika, akanikaripia kwa kuacha mlango wazi, nami nikaenda kuufunga. Siku nyingine alinijua kabisa. Katika siku moja ya namna hiyo aliniuliza mwanawe yuko wapi, mbona nimekuja peke yangu. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Nilisema yuko kazini. Mama akasema nimwambie aache kuzurura na pikipiki, arudi nyumbani, mke hakai peke yake. Wifi aliweka ndoo chini, akaingia ndani, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Msiba nilijulishwa na tovuti. Ilikuwa asubuhi ya masika, mvua imeninyeshea njiani, nafungua duka. Simu ikalia mlio ule wa kuonyesha kuna jambo jipya katika mojawapo ya blogu. Nikaona ni katika ya mama. Blogu ile ilikuwa kimya kwa muda mrefu, na mtu pekee aliyekuwa akiandika humo ni mimi, basi nilidhani wameingia tena watu wa kamari. Nilipofungua nikakuta mistari mitatu. Mama yetu mpendwa amefariki dunia alfajiri ya leo, mazishi yatafanyika kesho Ipole, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Chini yake, kama ilivyojiandika chini ya kila kitu katika blogu ile, palisomeka: Imeandikwa na Bibi.

Nilielewa mara moja kilichotokea. Mwalimu hakukumbuka namna ya kuingia kwa jina lake. Alitumia nywila ya mama niliyompa zamani, na tovuti, ambayo haijui msiba ni nini, ikaweka jina la mama. Ilionekana kama yeye mwenyewe ametangaza kifo chake. Maoni yalikwisha kuanza kuingia, na mtu mmoja alikuwa ameuliza huu ni utani gani. Niliketi kwenye kile kigoda, nikafungua kompyuta, nikabadilisha jina la mwandishi likawa la mwanawe. Ilikuwa kazi ndogo tu. Baada ya hapo ndipo nilipolia.

Hakunipigia simu. Nimejiuliza mara nyingi kama alidhani wifi angenipigia, au kama kule kuandika kwenye blogu ndiko kulikuwa kunipigia, kwa kuwa alijua nitaona kabla ya mtu mwingine yeyote. Sikumwuliza kamwe.

Nilifika Ipole jioni hiyo. Kwenye msiba kila mtu ana mahali pake, na unapofika watu wanakuangalia wajue utaelekea wapi. Wakwe wa kike wa ukoo walikuwa ndani kwenye mikeka pamoja na wafiwa. Nilisimama uani na mkoba wangu. Wifi alikuja akanikumbatia, tukalia, kisha akaniongoza jikoni kwa wapishi, na nadhani alinisaidia, maana jikoni hakuna anayekuuliza wewe ni nani wa marehemu. Nilimenya viazi na kuosha mchele pamoja na wanawake wa kanisani kwao. Mmoja alinisimulia jinsi marehemu alivyokuwa maarufu hata kwenye mtandao, mjukuu wake alimwonyesha kwenye simu. Nilimwambia nami nimesikia.

Yule mama wa Urambo alitoka ndani mara moja kuja kuchukua uji wa mtoto. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Alinitambua, sijui vipi, labda kwa picha. Akainama kidogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," nilisema. "Pole na msiba."

"Pole na wewe," alijibu, na alilisema kwa namna ya mtu anayejua uzito wa anachosema. Mtoto alikuwa amemshika sketi. Alikuwa na paji la uso la mama mkwe wangu, pana na lenye mkunjo katikati, kana kwamba naye anataka kukusahihisha.

Siku ya pili, kabla ya mchungaji kuhubiri, Mwalimu alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alikuwa amekonda. Alianza na kuzaliwa kwake, kisha kuolewa, na alipofika kwenye bani nilitambua sentensi zangu. Hazikuwa za kufanana tu, zilikuwa zenyewe, kama nilivyozichapa siku ile isiyo na wateja, na hata pale nilipotumia neno moja mara mbili yeye alilisoma mara mbili. Watu walicheka kidogo kwenye sehemu ya kuchekesha na wakanyamaza kwenye sehemu ya kunyamaza. Nilisimama nyuma pamoja na wapishi, nimeshika mwiko, nikisikia kazi yetu ikisomwa kwa sauti ya mtu niliyekuwa nikimkatia sentensi ndefu.

Mwisho alisoma walioachwa na marehemu. Ameacha mtoto wa kiume na wa kike, wajukuu, na wakwe wawili. Mume wa wifi ni mmoja. Wa pili alikuwa ndani kwenye mkeka. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hakuna aliyekosea. Nilirudi jikoni, maana sufuria ya wali ilihitaji kupaliwa makaa.

Baada ya arobaini wifi alikuja dukani Kanyenye. Hakuwa na kawaida ya kuja mjini. Nilimpa kiti, nikamwagizia chai, na akachelewa kuanza. Alisema wazee wa ukoo wamekaa. Vijana waliwasomea baadhi ya mambo yaliyoko kwenye blogu ya mama, na hawakufurahishwa na habari za pombe ya baba. Wanataka zitolewe. Yeye ndiye aliyetumwa.

Nilimwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Alisema hajui, kwa sababu simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, hajawahi kuzisoma. Basi nilifungua kompyuta nikamsomea. Nilimsomea ya bani, na ya njaa, na ya wale watoto waliozikwa, ambao ni ndugu zake. Nilimsomea za pombe pia, zote, hata ile inayomhusu yeye, sikuruka. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, chai ikipoa. Mteja aliingia akitaka fotokopi ya cheti, nikamhudumia, nikarudi nikaendelea pale nilipoachia.

"Huyo ndiye baba," alisema nilipomaliza. "Ndivyo alivyokuwa. Mama hajamwonea."

Alijikanda mkono wa kushoto, ambao tangu namjua haunyooki vizuri. Kisha akasema, "Hiyo ya mkono wangu itoe. Nyingine ziache. Nitawaambia wazee umekataa."

Niliitoa palepale mbele yake. Alitaka kuona inavyotoka, nikamwonyesha. Alitazama kioo kwa muda, akauliza kama mtu anaweza kuirudisha. Nilimwambia ni mimi tu, na sitairudisha. Alikunywa chai yake iliyopoa, akaaga.

Watu wanaendelea kuisoma blogu ile. Wengi hufika kwa kutafuta jambo jingine, wakaingilia makala ya katikati, hawaoni tangazo la msiba. Wanaandika shikamoo Bibi, wanamwuliza maswali: moto wa bani unaujuaje umezidi, mume akilewa unamfanyaje. Siwezi kuitika salamu isiyo yangu. Huwa nawajibu kwa jina langu kwamba Bibi amefariki, na wengine hunipa pole kama mwanawe, nami napokea.

Mwalimu alipiga simu mwaka huu, siku ya kazi, mchana. Sauti yake imezeeka. Alisema amepata walimu wenzake wanaotaka kuandika pamoja habari za ile njia, wana tovuti yao, na anaomba blogu yake ihamie huko. Alianza kueleza faida zake, kisha akaacha.

"Na mwenzangu hapendi," alisema. "Jina langu kuwa kando ya lako. Ameshavumilia miaka yote hii."

Nilimwambia namwelewa, na kwa kweli nilimwelewa. Nilimwuliza ya mama je. Alisema ya mama ibaki pale pale, wala hakuwa na haja ya kufikiri. Akanitumia anwani mpya ya huko na tukafanya kazi hiyo tukiwa wote kwenye simu, kwa sababu yeye hakujua abonyeze wapi. Ilichukua muda, maana makala zilikuwa nyingi, na picha za visima na vichaka zilipita mbele yangu moja moja zikihama. Tulizungumza kuliko tulivyozungumza tangu tuachane. Aliniuliza kama bado napika uyoga wa porini. Niliuliza mtoto yuko darasa la ngapi, akaniambia, akaongeza kwamba hapendi historia, anapenda hesabu.

Zilipofika zote, niliingia kwenye ukurasa wa mbele nikaondoa mahali pake. Tulibaki wawili, rangi yangu na rangi ya jani bichi.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka."

Alisema asante. Hakukata simu, wala mimi sikukata. Kisha mama mmoja aliingia na watoto wawili, akitaka picha za pasipoti, na nikamwambia Mwalimu nina wateja.